Muulize Fundi: Kilomita elfu tano za nani?

Barua za breki na za betri nimeziweka kando hadi toleo lijalo. Oili ya injini, na lini ibadilishwe, imeleta maneno mengi mno: dereva na shemeji yake, mwalimu na mumewe, kijana wa boda na mwenye pikipiki, wote wanataka niamue. Mimi si hakimu. Nina gereji Walukuba, hapa Jinja, na mikono ambayo haijatakata tangu mwaka 1991 nilipoanza kushika spana kule Eldoret. Nitajibu ninavyojua.

Fundi, salaam. Ninafanya speshali (teksi ya kukodi) hapa Kampala, steji yangu iko Wandegeya. Gari ni Toyota Spacio ya mwaka 2004, ya petroli, cc 1,500. Fundi wangu wa Ndeeba kila nikimwaga oili ananiandikia kikaratasi: rudi baada ya kilomita 3,000. Shemeji yangu ana Spacio kama yangu, anasema fundi anatafuta hela ya chai tu. Yeye hubadilisha kila 10,000 na gari linapiga kazi. Mimi nimekaa katikati, nabadilisha kila 5,000. Nani ana haki? – Dereva, Wandegeya

Ndugu yangu, barua yako ilikuwa ndefu na nimeikata, lakini mwishoni uliandika jambo ambalo ndilo jibu lenyewe: shemeji yako anauza mchele, kila wiki anakwenda Gulu na kurudi. Wewe unashinda kati ya Wandegeya, Kibuye na Ntinda. Mita zenu zinahesabu kilomita zilezile. Injini zenu hazifanyi kazi ileile.

Tufanye hesabu ya dukani. Chukua siku yako nzima: jamu ya asubuhi, kungoja abiria injini ikiwaka kwa sababu ameomba AC, na yule trafiki anayekunyoshea kiganja wakati taa ni ya kijani. Ukigawanya kilomita kwa saa ambazo injini iliwaka, nadhani hutapita sana 15 kwa saa. Basi 5,000 gawanya kwa 15: injini yako imefanya kazi saa 333. Shemeji kwenye njia ya Gulu anakwenda wastani wa 70. Kwake 5,000 ni saa 71. Hamjakaribiana hata kidogo.

Wenye matrekta na jenereta hawana ugomvi huu kwa sababu mita zao huhesabu saa, na wengi wao humwaga oili kila saa 250. Zidisha 250 kwa mwendo wako wa 15, utapata kilomita 3,750. Umeona? Fundi wako wa Ndeeba hakukuibia. Huenda yeye mwenyewe hajui kwa nini namba yake ni nzuri, huenda aliirithi kwa aliyemfundisha kazi, lakini iko karibu na ukweli kuliko yako.

Ila usimpelekee shemeji hesabu hii. Atazidisha 250 kwa 70, apate 17,500, kisha anitaje mimi kuwa shahidi. Saa peke yake hazitoshi. Oili inapikwa na joto, na kila nyuzi kumi zinazoongezeka huiozesha kwa kasi ya karibu mara mbili. Tena inachafuliwa na vinavyopenya kwenye ringi za pistoni: petroli ambayo haikuungua, masizi, na maji. Ndiyo, maji. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji kwa njia ya mvuke. Mengi hutoka kwenye ekzosi, kidogo hushuka chini kwenye sampu, lile beseni la oili chini ya injini. Juu ya hayo weka vumbi la murram linalopita kwenye filta ya hewa iliyochoka. Vumbi lile ni mchanga, na mchanga ndani ya oili ni msasa.

Na hii 5,000 tunayoimba sote ilitoka wapi? Kwa kiasi kikubwa ni jamaa ya maili 3,000 za Wamarekani, ambazo ni kilomita 4,800 na kidogo, kanuni ya enzi za oili duni kuliko za leo. Wajapani waliotengeneza gari lako wanasema mambo mengine kabisa. Kwa petroli isiyo na turbo (feni ya kusukuma hewa ndani ya injini), Toyota huko kwao husema 15,000 au mwaka mmoja, kimojawapo kitakachotangulia. Kwa gari linaloteseka, nusu yake: 7,500 au miezi sita. Mteja wangu mmoja aliyesoma Japani alinisomea orodha ya hayo mateso: barabara isiyo na lami, milima, safari fupi fupi, kusimama muda mrefu injini ikiwaka. Nikamwambia mbona hawa wamekuja Kampala bila kutuambia.

Hukumu yangu, kwa kuwa umeitaka. Wewe: 4,000 kwa oili ya kawaida, au 5,000 ukitia sinthetiki ya kweli (oili iliyoundwa kwa kemia). Shemeji: 7,500. Hiyo 10,000 yake naweza kuikubali kwa sinthetiki na njia kuu tupu, kwa sharti moja, na sharti hili ni kubwa kuliko habari yote ya kilomita.

Achomoe dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili.

Injini yenu, ile ya 1NZ, hubeba lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta. Injini ya miaka ishirini kula oili si ajabu. Tuseme inakula lita moja kila kilomita 3,000, tena bila moshi wa kumshtua mtu. Ikifika 10,000 itakuwa imekula lita tatu na zaidi. Kwenye sampu imebaki bakuli la supu. Magari yanayoletwa hapa kwangu yakiwa yamenoki (injini imekufa), mengi hayakuuawa na oili kuukuu. Yameuawa na oili iliyokwisha huku mwenyewe akisubiri kikaratasi kitimie.

Kwa hiyo kila Jumapili asubuhi, gari likiwa mahali tambarare na injini imepoa, chomoa, futa kwa kitambaa, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena. Kipimo cha kwanza usikisome, kinadanganya kwa sababu oili imepanda kijitini. Kati ya alama ya chini na ya juu, kwa magari mengi madogo, ni karibu lita moja. Ikiwa katikati, ongeza nusu lita. Usipite alama ya juu, maana krenki (mhimili mkuu wa injini) itaipiga oili mpaka itoe povu, na povu halilainishi kitu.

Ukiwa hapo, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, uiache mpaka kesho. Tone likitanuka, katikati jeusi na pembeni duara pana la rangi ya chai, oili bado inabeba uchafu wake vizuri. Likikaa mahali pamoja jeusi tii kama lami, halina duara, mwaga hata kama kikaratasi kinasema bado 2,000.

Nimalizie na filta, maana hapa nina deni. Miaka mingi iliyopita nilimfungia mteja filta mpya, nikatia oili safi, nikapokea pesa, akaondoka kwenda Kampala. Saa moja baadaye simu: gari limezima ndani ya msitu wa Mabira, taa nyekundu ya oili inawaka. Nilifika kwa boda. Nyuma ya gari kulikuwa na mstari mweusi barabarani mrefu kuliko macho yangu yalivyotaka kuona. Nilipofungua filta nikaikuta: gasketi ya filta ya zamani, pete nyembamba ya mpira, ilikuwa imeganda kwenye bloku, nami nikafunga mpya juu yake. Gasketi mbili haziwezi kushikilia presha ya oili. Beringi zilikuwa zimekwisha. Injini ile niliilipa mimi, kwa miezi saba. Tangu siku hiyo kila filta ninayofungua huipindua nihesabu pete yake mbele ya mteja. Mwambie fundi wako naye akuonyeshe. Akikasirika, tafuta mwingine.

Fundi, nimenunua Toyota Wish kutoka bondi (yadi ya magari yaliyoagizwa nje) mwezi uliopita. Mita inasoma 61,000. Kwenye ubavu wa mlango wa dereva kuna kikaratasi cha Kijapani nimekisafisha, kimeandikwa H28.10, kisha 84,000, chini yake 89,000. Waliniambia ni sevisi ya oili, kwa hiyo nina muda mrefu bado. Ni kweli? – Mnunuzi mpya, Mukono

Ndugu, keti kwanza.

Walikuambia kweli kwamba ni kikaratasi cha oili. H ni Heisei, kipindi cha mfalme wao aliyetangulia. Ongeza 1988 juu ya ile 28, unapata 2016, mwezi wa kumi. (Ukiona R ni Reiwa, ongeza 2018.) Gari lilimwagwa oili likiwa na kilomita 84,000, na lilitakiwa kurudi likifika 89,000. Sasa niambie wewe: gari lililokuwa na 84,000 mwaka 2016 linasomaje 61,000 leo?

Mita imerudishwa. Ni nani aliyeirudisha na wapi, siwezi kujua, na wala sisemi ni waliokuuzia. Kwa habari ya oili, chukulia kwamba hujui chochote. Mwaga leo hii, filta mpya, kisha mwaga tena baada ya 1,500, kwa sababu oili mpya ya kwanza itaosha tope la miaka. Baada ya hapo anza hesabu yako mwenyewe kwenye daftari. Kikaratasi usikibandue. Kipige picha, urudi nayo bondi mkazungumze bei.

Mwalimu wetu wa magari, mimi nafundisha Kabale. Gari langu, Vitz, linakwenda shuleni na kurudi, kilomita mbili na nusu, na Jumapili kanisani. Kwa mwaka halifiki kilomita 2,000. Mume wangu anasema tusubiri 5,000 zitimie, maana yake miaka miwili na nusu. Juzi nimefungua kifuniko cha kutilia oili nikakuta kitu cheupe kizito kama maziwa yaliyoganda. Niogope? – Mwalimu, Kabale

Mwalimu, mwambie baba watoto kwamba gari lako lina maisha magumu kuliko la dereva wa Wandegeya hapo juu. Kilomita mbili na nusu hazitoshi kupasha oili moto, na asubuhi za Kabale tunazijua, mtu anavaa sweta mbili. Yale maji niliyoyataja hayapati joto la kuyafukuza. Yanabaki, yanachanganyika na oili, yanapanda na kuganda pale juu penye baridi, ndipo unayaona meupe.

Kabla ya kutulia, chomoa dipstiki. Kama huko chini oili ni ya rangi yake ya kawaida na maji ya rejeta hayapungui, basi ni unyevu tu. Futa kifuniko, na mara moja kwa wiki lipeleke gari mbali kidogo, nusu saa mfululizo, hata mpaka Katuna kununua vitunguu. Kama dipstiki nayo imekuwa rangi ya chai ya maziwa na rejeta inakunywa, hapo gasketi ya silinda hedi imekufa. Usiwashe tena gari, muite fundi aje.

Kwako kilomita hazina kazi. Mwaga kila miezi sita, ziwe 900 au 1,100. Oili na filta ya Vitz havifiki bei ya kujaza tenki lake.

Ninaendesha matatu ya dizeli, hizi tunazoita drone, Mbale–Kampala. Nilitia oili mpya jioni, asubuhi nikaikuta nyeusi kama haijabadilishwa. Nimeuziwa feki? Konda wangu anasema tumwage tena. – Dereva, Mbale

Konda wako asikutie hasara. Dizeli hutoa masizi mengi, na oili nzuri ya dizeli kazi yake ni kuyabeba yasigande. Iliyobaki kwenye mashimo ya injini ulipomwaga inatosha kuipaka rangi ile mpya. Kwenye dizeli, rangi haikuambii kitu. Ungeniambia imebaki dhahabu baada ya wiki, hapo ningekuwa na wasiwasi.

Ila feki zipo, na mimi zimenila. Kuna duka moja mjini, silitaji, liliniuzia makopo sita ambayo mifuniko yake ilifunguka bila ile pete ya chini kukatika. Mtu ameokota kopo tupu, amelijaza tena anachokijua yeye. Ndiyo maana makopo matupu hapa gereji natoboa yote kwa msumari. Wateja huniuliza nina hasira na nini.

Angalia nyuma ya kopo herufi za API, alama ya daraja la oili. Inayoanza na C ni ya dizeli, inayoanza na S ni ya petroli. Nyingi zina zote mbili. Kwa gari lako lenye turbo tafuta CI-4 au CK-4. Ukikuta CD peke yake, hiyo ni oili ya enzi za babu, iache hapohapo dukani. Kilomita 5,000, usizidishe, na ukifika steji acha injini ingurume dakika moja kabla ya kuzima, maana shafti ya turbo inaelea juu ya oili, na ukizima ghafla oili inaungulia humohumo.

Fundi wangu, mimi ni wa boda hapa Arua. Bosi wangu anataka nitumie oili ya gari lake inayobaki kwenye galoni, anasema oili ni oili. Pia anasema mara moja kwa mwezi inatosha. – Boda, Arua

Bosi anaokoa shilingi za kopo moja. Pikipiki yako, nadhani ni Boxer, ina lita moja tu au karibu yake, na lita hiyohiyo inalainisha injini, giaboksi na klachi pamoja. Oili nyingi za magari ya siku hizi zina dawa ya kupunguza msuguano. Dawa hiyo ikifika kwenye klachi yako, sahani zinateleza: unavuta mafuta, injini inalia, pikipiki haipandi kilima. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA, alama ya oili ya pikipiki isiyotelezesha klachi, na namba 20W-50 kama kitabu chake kinavyosema.

Ukipiga kilomita 100 kwa siku, siku 26, umefika 2,600 kwa mwezi, na injini hiyo inapozwa na upepo tu, tena upepo wa Arua mwezi wa pili. Mwaga kila wiki mbili na nusu hivi. Bosi akikataa, muombe aje akae nyuma siku moja mpande wote wawili mpaka Vurra, na gunia la mihogo katikati.

Afande mstaafu hapa Bombo. Nina Premio. Kijana wa gereji amenishauri kila nikibadilisha oili kwanza tutie dizeli lita tano, tuwashe injini dakika kumi ioshe ndani, ndipo tumwage. Nimeshanunua dizeli. Unasemaje? – Afande, Bombo

Afande, heshima zako. Kataa amri hiyo. Zamani tulifanya hivyo kwenye malori, na baadhi yake yalivumilia kwa sababu chuma chake kilikuwa kinene. Dizeli ni nyepesi, haibebi uzito wa krenki, na dakika kumi za kuwasha ni dakika kumi beringi zikisuguana. Halafu tope linalobanduka kwa mkupuo huenda kuziba chujio la pampu, na taa nyekundu itakuwakia ukiwa umeshafika Matugga. Pia kuna dizeli inayobaki ndani hata ukimwaga, inaiharibu oili mpya.

Ukitaka kuosha, fanya kama nilivyomwambia wa Mukono: mwaga, tia mpya, tembea 1,500, mwaga tena. Oili chafu uiweke kwenye dumu lenye mfuniko, wala usiruhusu kijana aimwage mtaroni, mvua ya Bombo itaipeleka kisimani kwa jirani. Wengine hupaka nguzo za ua kuzuia mchwa. Ukifanya hivyo, nguzo zikae mbali na mboga.

Na zile lita tano za dizeli, Afande, kama hapo kwenu hakuna jenereta, mpelekee mwenye trekta. Yeye anahesabu saa, atakushukuru.